Mwanaume Aliyelazwa Wodi ya Wazazi

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge na saa ya ukutani. Kitenge nimeshakishona. Saa nimeitundika jikoni, inachelewa, kwa hiyo sasa naishi kwa majira yangu mwenyewe kama mstaafu anavyostahili. Mliniomba pia niwaandikie machache kuhusu miaka yangu katika chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, ili nyinyi mnaobaki msihangaike, na mimi nikakubali kabla sijafikiri. Vyeo na mishahara nitaviruka. Kwanza havifundishi kitu, pili ningevitaja mngenicheka.

Naanza na siku ya kwanza. Nilitoka kwetu Puge na begi moja, cheti cha kidato cha nne, cheti kingine cha kozi ya kompyuta ambamo kompyuta tuliigusa mara tatu, na mfuko wa matobolwa alionifungia mama. Kwa msiotoka huku, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kiasi cha kukujulisha kama meno yako ni mazima. Nilipanga chumba Gongoni, hapa Tabora mjini, nikaoga, nikaenda hospitali ya misheni kwa miguu, nikaulizia chumba cha kompyuta.

Mlangoni palikuwa na meza iliyowekwa kwa kukusudia pale ambapo huwezi kupita bila kuizunguka. Nyuma yake ameketi mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi, anasoma karatasi ndefu zenye matundu pembeni huku ameshika kalamu nyekundu. Huyo ndiye Mzee Chibago, aliyeiandika programu yetu tangu mstari wa kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Puge, Nzega."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

Alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena. "Mimi ni Mgogo," akasema. "Babu zako walikuwa wakitoka hapa hapa na mizigo kichwani kwenda pwani, na walipofika kwetu walilipa hongo ndipo wapite. Unafikiri desturi hiyo imefutwa na nani?"

Nilifungua begi nikampa mfuko wa matobolwa. Alichukua moja, akalitafuna muda mrefu, kisha akasogeza meza kidogo. "Pita, pagazi," akasema. Tangu siku hiyo hadi anastaafu hakuniita jina langu la Nyamizi hata mara moja, na kila nilipohitaji neno la siri jipya nililipa hongo. Mama alidhani hospitalini hatupewi chakula, kwa jinsi nilivyokuwa naagiza matobolwa.

Ndani kulikuwa na mashine kubwa tuliyoiita Bibi. Ilikuwa ya msaada, inanguruma kama mashine ya kusaga, na ilitaka chumba chake, feni yake na heshima yake. Bibi aliendeshwa na Unix, mfumo unaoiongoza mashine. Nyinyi mnaijua Unix kwenye vitabu, lakini Mzee Chibago alinieleza hivi: ni ukoo mmoja wenye nyumba nyingi. Ukijua kuishi katika nyumba moja utaweza kuishi katika nyingine, lakini usidhani chumvi inawekwa mahali pale pale. Nilicheka nikaiandika kwenye daftari. Miaka mingi baadaye niliitafuta ile chumvi huku natokwa jasho.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kila mgonjwa ana kadi yenye namba. Anafika dirishani, unaandika namba, Bibi anafikiri kidogo, kisha anakuonyesha ni nani, ametibiwa nini, lini, na yuko wodi gani. Watu walitoka mbali na kadi zao zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya nailoni ndani ya kitambaa kingine. Kadi ikichakaa mpaka ibaki namba tu, ilitosha, kwa kuwa Bibi aliwakumbuka wote.

Sasa niwaambie jambo ambalo haliko kwenye mwongozo wowote, maana mimi ndiye niliyeuandika mwongozo na nililiacha kwa makusudi.

Programu ikibadilishwa lazima ijaribiwe. Unamwandikisha mgonjwa, unamlaza, unamhamisha wodi, unamruhusu. Lazima ujaribu pia kitufe cha "amefariki", nacho kikikosea ni balaa. Makarani walikataa katakata kukigusa. Ukitumia jina la mgonjwa wa kweli ni uchuro. Ukibuni jina, Tabora hii jina lolote utakalobuni lina mwenyewe, na nani anataka kumwua jirani kwa kibodi? Mzee Chibago alilitatua siku moja tu. Mtani, alisema, ndiye mtu pekee unayeweza kumwua asubuhi na mchana mkala pamoja. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo majaribio yote ya kifo atafanyiwa mtani.

Nikafa. Nilikufa kwa kukabwa na tobolwa, nikafa kwa kubeba mzigo usionihusu, nikafa kwa kuchelewa kazini. Sehemu ya sababu ya kifo ilikuwa na nafasi ya herufi arobaini, naye hakuipoteza hata moja. Sista Veneranda, mkuu wa hospitali, ni Mnyamwezi vilevile, naye alifishwa mara kadhaa pasipo kujua. Rekodi hizo hazikuonekana dirishani. Katika kila rekodi kulikuwa na kisanduku kimoja kidogo cha namba. Mgonjwa wa kawaida alikuwa na sifuri. Rekodi ya utani ilikuwa na hasi moja, na programu iliambiwa: ukikuta hasi moja, nyamaza, usimwonyeshe mtu.

Nilivumilia vifo vyangu miezi kadhaa, kisha nikalipiza. Mzee alipokwenda kunywa chai nilimwandikisha: Chibago, mwanaume, wodi ya wazazi, anasubiri mapacha. Nikaweka hasi moja nikarudi kwenye kiti changu. Programu ilipokea bila kunung'unika, maana aliyeiandika hakuwahi kuwaza kwamba iko siku itabidi iwakataze wanaume. Alipoigundua alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakaa chini siku nzima akarekebisha programu isipokee tena mwanaume wodi ile. Lakini rekodi yake hakuifuta. "Hiyo ni ushahidi," alisema. "Ndiyo kosa la kwanza ulilolipata kwenye kazi yangu, pagazi." Nilijisikia kama nimepewa cheti kikubwa kuliko vile viwili nilivyokuja navyo.

Mwaka wa pili ndipo alipokuja Mama Minza. Alikuwa mfugaji wa Choma, Igunga, mrefu, mkimya, amepasuliwa mguu na pembe ya ng'ombe. Faili lake la karatasi lilikuwa limepotea kati ya wodi mbili, kwa hiyo nesi, mgeni kutoka mbali, alitegemea Bibi tu, na Bibi alionyesha jina, umri na kuzaliwa kwa watoto wanne. Nilikuwa nimepeleka karatasi wodini nikamkuta yule mama ameshika mkono wa nesi hauachii, anasema kwa Kisukuma, tena kwa sauti ya chini kabisa, kwamba sindano ile iliwahi kumfunga koo akapoteza fahamu. Nesi alidhani anaogopa kuchomwa. Nilimwambia anachosema. Sindano ilikuwa imeshavutwa dawa. Ilikuwa penisilini.

Nilirudi chumbani, nikamsimulia Mzee Chibago. Hakutania. Alichukua karatasi zake zenye matundu akaanza kutafuta mahali pa kuweka tahadhari. Rekodi za Bibi zilikuwa zimejaa, kila herufi ina kazi, hakuna pa kuchomeka hata sindano. Kilichobaki ni kile kisanduku cha utani. Basi akakiongezea kazi: hasi moja ni utani, hasi mbili ni penisilini, hasi tatu dawa nyingine, na kuendelea. Programu ikikuta hasi mbili inaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, TAHADHARI, ASICHOMWE PENISILINI. Mama Minza alikuwa wa kwanza kuandikiwa. Kila alipokuja baada ya hapo alipita dirishani kwangu, tukaamkiana "mwangaluka", akanyoosha kidole kwenye kioo ili nimsomee yale maneno kwa sauti. Hakujua kusoma lakini alitaka kusikia kama bado yapo.

Miaka ikaenda. Mzee Chibago alistaafu ila hakurudi kwao Dodoma mara moja, akaendelea kuishi Gongoni, nyumba ya tatu kutoka kwangu, akinidai hongo barabarani mbele za watu. Mimi nikabaki na Bibi. Bibi naye akazeeka. Diski yake ilianza kutoa sauti kama mtu anayesaga mchanga, vipuri vyake havikuwa vikitengenezwa tena popote duniani, na umeme ukikatika ilichukua nusu siku kumwamsha.

Sista Veneranda aliniita ofisini. Kwake alikuwepo Bwana Alfani, kijana nadhifu wa kampuni moja ya Dar es Salaam iliyouza mifumo ya hospitali. Alinipa shikamoo nzuri, akafungua kompyuta yake ndogo, akatuonyesha rangi.

"Na kumbukumbu zetu za zamani?" nikamuuliza.

"Hizo hazibebeki, mama," akasema kwa upole. "Zimeandikwa kienyeji mno. Tunaanza upya. Wagonjwa watajiandikisha tena."

Niliwaza kadi zile ndani ya vitambaa. Nikamwaza Mama Minza akinyoosha kidole kwenye kioo kitupu. Nikamwambia Sista kwamba kuna njia nyingine: tuihamishe programu ya Mzee Chibago kutoka kwa Bibi kwenda kwenye mashine mpya yenye Unix ya siku hizi, pamoja na wagonjwa wote. Sista ni mtu wa maneno machache, na machache hayo hutaka yatimizwe.

"Mwezi mmoja," akasema. "Mnionyeshe mbele ya bodi. Mgonjwa mmoja akipotea, nachukua ya Alfani."

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii yote, kwa hiyo mliokuwa mnasinzia amkeni. Tukishindwa, kila tulichokijua kuhusu watu wale kingebaki kwenye diski inayosaga mchanga.

Nilikwenda kwa Mzee Chibago nikiwa na mfuko mzima. Aliuangalia. "Safari ni ndefu kiasi hicho?" akauliza. Siku iliyofuata alikuwa ameketi kwenye meza yake ya zamani.

Mashine mpya ilikuwa ndogo kama sanduku la chaki, haina feni, inakula umeme kidogo kiasi kwamba betri ya sola iliitosha. Mzee aliizunguka mara mbili akitafuta iliyobaki. Aliuita uhamishaji ule msafara, akajiteua kuwa kirangozi, yule anayetangulia na kupuliza pembe, na mnajua mimi nilikuwa nani.

Shida ya kwanza ilijitokeza asubuhi ya kwanza. Tulinakili faili kama lilivyo, tukamwita mgonjwa namba moja. Mashine ikasema hayupo, ila yupo mgonjwa namba milioni kumi na sita, laki saba na kitu. Bibi alikuwa akiandika namba kuanzia kichwani, hii ndogo inasoma kuanzia mkiani. Ni nyumba mbili za ukoo mmoja, kila moja na desturi yake. Nikaandika kiprogramu cha kupindua namba zote, moja moja, na kikanichukua juma zima. Nilipomaliza, mgonjwa namba moja alirudi kwenye namba yake, nami nikavimba kichwa.

Sasa nakiri kosa. Unapoichukua programu iliyoandikwa kwa lugha ya C ukaikompaili kwenye mashine ngeni, yaani ukaigeuza iwe lugha ya mashine hiyo, mashine inatoa maonyo. Si makosa, ni maonyo: hapa sijaelewa vizuri, hapa una hakika? Yetu ilitoa maonyo kurasa kwa kurasa, mengi ya kipuuzi, kama shangazi anayekagua nyumba ya mke mpya. Siku zilikuwa zinakwisha. Nikaongeza neno moja kwenye amri, neno la kuiziba mdomo, na maonyo yote yakatoweka. Mzee Chibago sikumwambia. Nilijiambia ni mzee, asisumbuliwe.

Nikahesabu rekodi, Bibi na sanduku la chaki wakalingana. Nikachomoa kadi ishirini za nakala, zile zinazobaki kwetu kwenye droo, nikazijaribu, zote sawa. Tukatangaza tuko tayari.

Siku ya kuonyesha, bodi ilijaa chumba: Sista Veneranda mbele, wazee wanne wa bodi, na Bwana Alfani pembeni na kompyuta yake ya rangi. Nilikuwa nimeandaa mgonjwa wa kumwonyesha. Sista akanikatiza.

"Nitafute mimi. Nililazwa hapa na malaria."

Nikaandika Veneranda. Nikatarajia rekodi moja. Zikatokea saba.

Ya kwanza ilikuwa ya malaria. Ya pili ilisema: Veneranda, amefariki, sababu ya kifo: hasira. Ya tatu: amefariki, alikagua hesabu mpaka akaishiwa pumzi. Ya nne sitaiandika hapa. Mzee mmoja wa bodi alizisoma kwa sauti, pole pole, kwa sababu miwani yake haikuwa nzuri na hakutaka kuruka kitu.

Nilitamani kuingia ndani ya lile sanduku la chaki. Bwana Alfani akakohoa. "Mfumo wetu," akasema, "hauna mizaha."

Sista hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia Mzee Chibago. Hapa mnatakiwa mwelewe alivyobanwa: yeye ni mkuu wa hospitali, amefishwa mara sita mbele ya bodi yake, lakini aliyemfisha ni mtani wake, na mtani akikasirika ameshindwa. Nyuso zote zilimgeukia. Mshipa wa shavuni ukacheza.

"Na wewe Chibago," akasema mwishowe, "umo humu?"

Sikungoja kuambiwa. Nikaandika jina. Ikatokea: Chibago, mwanaume, wodi ya wazazi, anasubiri mapacha.

"Mpelekeni leba," akasema Sista, "tuendelee na kikao." Chumba kikalipuka. Akamgeukia kijana wa kampuni. "Na wewe Alfani, wewe si Mzaramo? Mzaramo asiye na mizaha mimi sijawahi kumwona. Umenipa wasiwasi na huo mfumo wako." Hata Alfani akacheka, maana utani ukikufikia huna pa kwenda.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Chibago alikuwa amesimama, mkono umeshika ukingo wa meza, anaangalia kioo. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Pagazi," akaniambia taratibu, "kwa nini ninaonekana?"

"Utani tu umetoka, mzee. Tutauficha."

"Mtafute Mama Minza."

Hapo nikaelewa. Kisanduku ni kile kile kimoja. Niliandika namba yake, ambayo naijua kichwani mpaka leo. Akatokea: jina, Choma, umri, watoto wanne, mguu. Mahali pa juu, palipokuwa na herufi kubwa, palikuwa patupu. Mashine ilikuwa imetoa wafu wetu wote hadharani, na kwa ukimya ule ule ilikuwa imefuta tahadhari za walio hai.

Nikamnong'oneza, "Tuseme ni utani tu. Nitarekebisha Jumapili." Bodi ilikuwa bado inacheka, ilikuwa imetupenda, ingetupitisha saa ile ile. Mzee Chibago aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau, kisha akageuka akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Sista, msafara huu haujafika. Tahadhari za dawa zimedondoka njiani. Tungeanza kazi Jumatatu, mtu angekufa kweli."

Kicheko kikakatika. Bwana Alfani, kwa haki yake nitalisema, hakutumia nafasi ile. Alitoa ushauri tu kwamba tufute rekodi zote zinazorudiarudia, jina la baba moja, kijiji kimoja, tarehe moja ya kuzaliwa. Nikamuuliza kama huko Dar hakuna mapacha. Huku kila kijiji kina Kulwa na Doto wake, baba mmoja, tarehe moja, na ningefuta Doto wote wa mkoa kabla ya chai. Sista alisimama.

"Ijumaa saa sita mchana," akasema. "Wafu wangu waondoke, tahadhari zirudi. Vinginevyo Alfani anafunga mitambo yake."

Ilikuwa Jumatano. Tuliporudi chumbani Mzee aliketi. "Maonyo yako wapi?" akauliza.

"Niliyazima."

Ningependelea anitukane, tuna ruhusa ya kutukanana. Badala yake alisema, "Mimi nimezeeka, Nyamizi, siwezi tena kukumbuka kila kitu. Yale maonyo ndiyo yanayokumbuka." Aliniita jina langu. Niliona aibu kuliko nilivyoona mbele ya bodi nzima, nikalia, akaniacha nilie, kisha akanisogezea mfuko wa matobolwa.

Nilirudisha maonyo, tukayachapa yote, tukagawana karatasi. Yeye na kalamu nyekundu, mimi na ya bluu. Tulisoma Alhamisi nzima, tukitafuna. Alasiri nikafika kwenye mstari mmoja. Mashine ilikuwa imeandika, kwa lugha yake kavu, kwamba ulinganisho huu hauwezi kuwa kweli kamwe. Mstari wenyewe ulisema: kisanduku kikiwa chini ya sifuri.

"Mzee," nikasema, "kwa nini kisiwe chini ya sifuri?"

Alichukua karatasi, akaisogeza karibu na pua, akaanza kutikisa kichwa, kisha akaanza kucheka. Kwa Bibi, kisanduku cha herufi moja kikiachwa bila maelezo hubeba hasi na chanya. Kwenye nyumba hii mpya, kisanduku kile kile hakijui hasi. Ukikipa hasi moja kinasoma mia mbili hamsini na tano. Ukikipa hasi mbili, mia mbili hamsini na nne. Programu ilikuwa inangoja hasi ambayo haitafika. Rekodi zenyewe hazikuwa zimeharibika hata moja. Dawa yake ilikuwa neno moja, kuiambia mashine waziwazi kwamba kisanduku hiki kina hasi. Sikutafuta pengine. Hiyo ndiyo ile chumvi.

Ijumaa asubuhi tulichomoa kwenye droo nakala zote za kadi zenye alama nyekundu ya tahadhari, tukazipitisha moja moja, mimi nasoma namba, yeye anasoma tahadhari. Saa sita Sista akaja peke yake. Hakuniambia nimtafute yeye. Alisema, "Huyo wa Choma." Yakatokea maneno yale juu kabisa, kwa herufi kubwa. Aliyasoma, akaangalia saa yake, akaelekea mlangoni. Kisha akarudi hatua moja.

"Chibago amejifungua?"

"Hajaonekana tena, Sista," nikasema.

"Afadhali."

Mama Minza alikuja miezi michache baadaye, anatembelea fimbo. Alilikagua sanduku la chaki kwa mashaka makubwa. Nikamsomea. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akaenda zake.

Mzee Chibago alirudi kwao Dodoma mwaka ule. Tulipigiana simu, kila mmoja akimuuliza mwenzake kama bado hajafa. Siku moja simu ilipigwa na mwanawe, na swali letu likawa na jibu.

Nilipanda basi. Mtani hakosi msibani, na akifika ana kazi yake. Walipobeba jeneza kutoka nyumbani kwenda kaburini, nilitangulia nikajilaza katikati ya njia, na kitenge changu kizuri, kwenye vumbi. Waombolezaji wakasimama.

"Hapa ni Unyamwezi!" nikapiga kelele. "Hakuna kupita bila hongo! Huyu amenila miaka yote, leo analipa!"

Kaka yake mkubwa alijaribu kukunja uso akashindwa. Akatuma mtu ndani, wakaleta kishada cha zabibu, wakaniwekea tumboni. Watu walikuwa wanacheka na kufuta machozi kwa mkono ule ule. Mimi sikuweza kuinuka. Nililala pale namlilia, kwa sababu nilimpenda yule mzee na sikuwahi kumwambia kwa maneno ya kawaida. Wakaninyanyua wanawake wawili, jeneza likapita, nikala zabibu zangu njia nzima.

Niliporudi kazini kulikuwa na jambo la kufanya. Mzee alikuwa na rekodi yake ya kweli, ya presha na miwani, na kanuni ni kanuni. Nikaifungua. Kitufe kile cha "amefariki" nilikuwa nimekijua maisha yangu yote, nimekufa kwacho mara nyingi kuliko mtu yeyote Tabora, na siku ile kilikuwa kizito. Nikakibonyeza. Sehemu ya sababu niliandika aliyoisema daktari, tu.

Ile rekodi nyingine sikuigusa. Najua mmoja wenu ataikuta, maana mnapenda kusafisha, na nasikia mnafikiria kuhamia mashine nyingine tena. Imo, ina hasi moja: Chibago, mwanaume, wodi ya wazazi, anasubiri mapacha. Msiifute. Mkimaliza kuhamisha, kabla hamjaita bodi, kabla hamjanipigia simu kujisifu, andikeni jina lake dirishani. Akitokea, simamisheni kila kitu, rudini kwenye maonyo, kwa sababu kuna mama mahali fulani njiani anakuja na kadi yake ndani ya kitambaa na tahadhari yake imepotea. Asipotokea, fungueni dirisha muwahudumie watu. Mzee yupo kazini.